Ndoa ya Kakamega: Sheikh, Wazee na Serikali

Sisi watu wa pwani tumezoea kuiona ndoa kuwa ni jambo lililokwisha kupangwa: walii, mashahidi wawili, mahari, ijabu na kabuli, kisha halua na kahawa. Lakini ukipanda bara mpaka Kakamega, na hasa Mumias, ambako dini ya Kiislamu ilifika pamoja na misafara ya wafanyabiashara wa pwani zama za Nabongo Mumia, utakuta kijana anayeoa ana wakubwa watatu. Sheikh anataka akdi, wazee wa ukoo wanadai ng'ombe, na serikali yataka cheti. Je, mwenye ndoa hasa ni nani?

Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 ilizikusanya sheria mbalimbali zilizotangulia, ikatambua ndoa za aina tano: ya Kikristo, ya kiserikali, ya kimila, ya Kihindu na ya Kiislamu. Zote sharti ziandikishwe. Hata hivyo, sheria hiyo yenyewe yasema kwamba lolote ndani yake linalopingana na sheria ya Kiislamu haliwahusu Waislamu. Basi serikali haikuja kumpokonya sheikh kazi yake. Wala haikuwadharau wazee, kwani yasema kuwa mahari kidogo ya ishara yatosha kuthibitisha ndoa ya kimila.

Taabu inaanzia kwa wale wa "njoo tukae". Kijana hana ng'ombe, binti anahamia kwake, miaka inapita na watoto wanazaliwa. Siku mume anapofariki, mjane huulizwa: "Wewe ulitolewa ng'ombe wangapi?" Zamani mahakama zilikuwa zikimhurumia, zikahesabu kuishi pamoja muda mrefu kuwa ni ndoa. Lakini mnamo Januari 2023 Mahakama ya Juu iliweka masharti magumu, ikasema dhana hiyo itumike kwa nadra.

Asidhani Mwislamu kwamba hayo hayamhusu. Kwa Katiba ya 2010, Kadhi husikiliza kesi za ndoa, talaka na mirathi pale tu ambapo wahusika wote ni Waislamu na wameikubali mahakama yake. Kakamega si ajabu nyumba moja kuwa na Mwislamu na Mkristo. Ndugu wa marehemu wakienda mahakama ya kawaida, mjane aliyeozwa msikitini bila kuandikishwa ataonyesha nini, hasa ikiwa mashahidi wake nao wamekwisha kufa?

Dini ndiyo inayohalalisha ndoa, na mila huunganisha koo. Kazi ya serikali ni kuweka daftari. Kurani imetuamuru tuandike deni, na ndoa imeiita ahadi iliyo nzito. Masheikh wanaoozesha na wahakikishe wamepewa idhini na Msajili, na wazazi wadai cheti kama wanavyodai mahari. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Sembuse haki ya mjane na yatima?