Daftari libaki kwako, modeli ndiyo itembee

Msimu uliopita kikundi kimoja cha nyanya ninachokihudumia kiliombwa na mnunuzi kimpe rekodi zote, eti awasaidie kukadiria mavuno. Wakatuma faili zima la Excel: mbegu, mbolea, dawa, vibarua, mauzo. Siku ya kupanga bei, jamaa alijua gharama ya kila tenga kuliko wao wenyewe. Akataja bei inayozidi gharama kiduchu tu, na hawakuwa na la kujibu. Mimi nilikuwepo wanatuma, sikuwazuia. Hilo limenikaa rohoni.

Modeli za kukadiria mavuno tunazihitaji, sipingi. Ninachopinga ni kukusanya madaftari ya watu kwenye kompyuta ya mtu mmoja. Mwaka 2016 watafiti wa Google walieleza njia nyingine, wakiwazia simu za watu: modeli ndiyo inayotembea. Seva inatuma modeli changa kwa kila mkulima au kikundi, kompyuta yako inaifundisha kwa rekodi zako, na kinachorudi ni namba za modeli tu. Seva inazichukulia wastani, aliye na mistari 200 akipewa uzito mara 10 ya mwenye 20, halafu raundi inaanza upya. Programu za bure za kazi hii zipo, Flower ni mojawapo.

Sasa msikimbilie programu. Kazi iko kwenye jedwali. Mmoja kaandika mavuno kwa tenga, mwenzake kwa kreti, mwingine kwa kilo. Na tenga lenyewe mnalijua, kuna la kawaida na kuna lililojazwa mpaka kichuguu. Huyu anapima kwa ekari, yule kwa hekta, wakati hekta moja ni karibu ekari 2.47. Faili zikiwa pamoja, mtu angeliona kosa kwa macho. Hapa hakuna anayeona majedwali yote, kwa hiyo modeli inameza tu na kuwarudishieni uongo. Kubalianeni kwanza: majina ya kolamu yaleyale, kilo, ekari, tarehe za mtindo mmoja. Na sifuri isichanganywe na nafasi tupu! Sifuri maana yake hukuweka mbolea. Nafasi tupu ni kwamba hukuandika.

Kwa kikundi cha watu wanane wanaoaminiana, kusema kweli, faili moja linatosha. Njia hii inalipa pale vikundi vingi visivyojuana vinapotaka kujifunza pamoja. Na si kinga kamili: namba zinazorudi zinaweza kudokeza siri, hasa za mwenye rekodi chache. Dai mpango ambao seva inaona jumla tu, si namba za mmoja mmoja. Seva yenyewe ishikwe na chama chenu cha ushirika, siyo mnunuzi. Halafu kila mtu aweke pembeni rekodi za msimu mmoja za kuipimia modeli, maana wastani wa mwenye matone na anayetegemea mvua unaweza usimfae hata mmoja wao.

Jumamosi nitakuwa na mzani ofisi ya kata. Njooni na matenga yenu, yakiwa yamejazwa vilevile mnavyouza, tuyapime tujue tenga letu ni kilo ngapi.