Barua ya wazi kwa Tume ya Vyuo Vikuu: Sheria au Ualimu?

Ndugu Katibu Mtendaji,

Ninafundisha Kidato cha Sita, mchepuo wa sanaa. Majina ya waliodahiliwa yakishatoka, simu yangu haipumziki. Wanaopiga ni vijana waliochaguliwa vyuo zaidi ya kimoja, ambao Tume inawataka wathibitishe kimoja kwa namba ya siri kabla siku hazijaisha. Wengi ni wa HKL na HGL, na wanauliza jambo lile lile: Mwalimu, nithibitishe Sheria au Ualimu?

Nyumbani wameshaambiwa. Baba anataka wakili katika ukoo. Mama anasema ualimu hauna njaa, serikali itakupangia kituo. Mama anakumbuka enzi zake. Siku hizi mhitimu wa ualimu anaomba, anafanya usaili, anasubiri. Na mwenye Historia na Kiswahili husubiri kuliko mwenye Fizikia na Hisabati. Wengine nawaona shuleni kwetu wakijitolea, wanalipwa nauli, nayo isiyo ya kila mwezi.

Baba naye hajaambiwa kwamba Shahada ya Sheria haimfanyi mtu wakili. Baada yake kuna Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, yenye ada yake na mitihani yake. Matokeo yaliyozua mjadala Oktoba 2022 tunayakumbuka: kati ya wanafunzi 633, waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26. Serikali ikaunda kamati. Wanafunzi wangu waliojaza Sheria mwaka uliofuata hawakuwa na habari hiyo, na sishangai, maana walikuwa wanajiandaa na mitihani yao wenyewe.

Sasa nifungue mwongozo wenu wa udahili. Umeandikwa vizuri: sifa za kujiunga, pointi, idadi ya nafasi, miaka ya masomo. Unamweleza kijana namna ya kuingia. Kuhusu waliokwisha kutoka, wako wapi na wanafanya nini, hamna neno.

Wala habari hizo hazihitaji utafiti wa mamilioni. Bodi ya Mikopo inajua mnufaika yupi ameajiriwa, kwa kuwa mwajiri analazimika kumkata asilimia 15 ya mshahara. Sekretarieti ya Ajira inajua nafasi ngapi za walimu zilitangazwa na ni wangapi waliziomba. Najua takwimu za Bodi haziwagusi wasiokopa, na aliyejiajiri anaweza asionekane. Hata hivyo, hesabu yenye mapengo inamfaa kijana kuliko kumbukumbu za baba na mama, na kuliko ubashiri wangu, ambao kusema kweli ndio anaoutegemea sasa.

Vyuo vitanung'unika, hasa vyenye programu zinazojaza wanafunzi kwa mamia. Vinung'unike. Anayelipa mkopo kwa miaka mingi ni mwanafunzi, si chuo.

Simwombei mtu achaguliwe kozi. Anayeipenda Sheria aende, akijua safari ni ndefu kuliko inavyoandikwa. Ninachoomba ni safu moja zaidi katika mwongozo ujao, mbele ya kila programu: waliohitimu miaka mitatu iliyopita, wangapi wana ajira. Ketini na Bodi ya Mikopo na Sekretarieti ya Ajira kabla dirisha la udahili halijafunguliwa tena.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mwalimu wa Kidato cha Sita