Tyubu Moja kwa Nyumba Nzima



Wasomaji wetu wapenzi, mwezi huu twataka kuzungumza nanyi juu ya jambo lililo dogo kwa sura na kubwa kwa madhara, nalo ni dawa za kupaka ngozini zinazouzwa katika tyubu. Hapa kwetu Kyela, tangu Kasumulu mpakani hata Matema ufukweni, ni nyumba chache zisizo na tyubu moja iliyokunjwa mkia wake na kuchomekwa juu ya dirisha. Akiwashwa baba, hupakwa hiyo. Mtoto akitokwa na vipele, hupakwa hiyo hiyo. Bibi akichubuka mguu shambani, hiyo hiyo. Hatuandiki haya kwa kuwalaumu wenzetu. Twaanza na kosa letu wenyewe, kwani mwalimu anayesahihisha vibao vya watoto yampasa asahihishe na chake.

Katika masika moja alikuja madrasani mtoto wa miaka tisa, shavuni ana alama ya duara kama shilingi, ukingo wake umeinuka na katikati kweupe. Nyumbani tulikuwa na tyubu tuliyopewa hospitalini kwa cheti, mwaka mmoja nyuma, kwa ajili ya ukurutu wa mikono yetu, nayo ilitufaa sana. Tukamwita mama yake tukampa iliyobaki, tukamwambia, "Mama, mpake hii asubuhi na jioni, utaona." Akaona kweli. Siku ya pili mwasho ukakoma, siku ya nne wekundu ukafifia, naye akaja kutushukuru mbele ya watu. Nasi tukafurahi, tukajiona kama matabibu.

Wiki tatu baadaye ugonjwa ulirudi kwa sura nyingine. Duara halikuonekana tena. Palikuwa na baka kubwa lisilo na mpaka, limepanda sikioni na kushuka shingoni, limejaa vipele vidogo. Mama akachukua boksi tupu akaenda dukani, akauziwa tyubu nyingine kama ile bila kuulizwa cheti wala mgonjwa ni nani. Hata mwezi wa pili ulipotimia, watoto wengine wanne wanaokaa mkeka mmoja na yule walikuwa wakijikuna.

Ndipo tukafuatana na mama hospitalini. Tabibu hakuandika dawa upesi. Kwanza aliuliza, "Maalim, mmempaka nini?" Tulipomwonyesha, alitikisa kichwa. Akakwangua magamba machache ya ngozi, akayatazama kwa hadubini, akasema, "Huyu tangu mwanzo alikuwa na choa. Choa ni fangasi. Dawa mliyompa haiui fangasi, bali huinyamazisha ngozi isilie, nayo fangasi ikala kwa raha."

Maneno yale hayajatutoka moyoni, na ndiyo sababu ya makala haya.

Dawa ile ni ya aina iitwayo steroidi. Mwilini mwetu, juu ya figo, mna tezi mbili ndogo ambazo Mwenyezi Mungu amezijaalia kutoa kemikali ya kutuliza uvimbe na kuusaidia mwili wakati wa taabu. Mwaka 1948 daktari Philip Hench wa Marekani na wenzake walianza kuitumia dawa ya namna hiyo kwa wagonjwa wa viungo, na mwaka 1950 yeye na wenzake wawili wakapewa tuzo ya Nobel. Mwaka 1952 madaktari Marion Sulzberger na Victor Witten wakatangaza kuwa dawa ya jamaa hiyo ikipakwa ngozini hutuliza ukurutu. Watu waliokuwa hawalali kwa kujikuna wakapata usingizi. Basi asiseme mtu kuwa steroidi ni sumu. Kwa ukurutu na pumu ya ngozi ni dawa ya haki, na mzazi anayemnyima mtoto wake dawa aliyoandikiwa, kwa hofu tu, naye amdhulumu.

Lakini kazi yake ni kutuliza. Ngozi ikivamiwa, mwili hupeleka askari wake, na wekundu, joto na mwasho ni ghasia ya vita vile. Steroidi huwarudisha askari nyumbani. Pasipo na adui, kama katika ukurutu, hilo ni jema. Penye adui wa kweli, yaani fangasi, bakteria au mdudu wa upele, ni sawa na kumfunga mdomo mbwa wa ulinzi ilhali mwizi yumo ndani. Nyumba huwa kimya, na mali yaondoka.

Tena bonde letu lina maadui hao kwa wingi. Nchi ni ya joto na maji. Kiwira, Mbaka, Lufilyo na Songwe zote zamwaga ziwani, na katika kilimo cha mpunga miguu yetu hushinda matopeni. Nguo za masika hazikauki vema, na watoto hulala watatu kitanda kimoja. Hapo choa, mba, fangasi za vidole na upele hupata makao. Ugonjwa wa upele si jambo la aibu la kijiji kimoja, kwani mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani liliuingiza katika orodha ya maradhi ya nchi za joto yaliyosahauliwa. Dawa yake ni kupaka dawa ya upele mwili mzima, kuanzia shingoni hata nyayoni, watu wote wa nyumba siku moja, wawashwao na wasiowashwa, na kufua nguo na shuka kwa maji ya moto. Ukimpaka steroidi mwenye upele, utamtuliza wiki moja huku wadudu wakizidi kuzaliana.

Basi mtu atajuaje kilichomo katika tyubu? Sisi kazi yetu ni kufundisha herufi, na hapa herufi zatosha kumwokoa mtu. Usilitazame jina kubwa la biashara. Tafuta maandishi madogo chini yake, kisha soma mwisho wa neno. Likiishia kwa "-sone", kama haidrokotisoni na betamethasoni, hiyo ni steroidi. Klobetasoli, ambayo kwenye tyubu huanza kwa herufi C na kuishia kwa "-sol", nayo ni steroidi, tena ni katika zile kali kupita zote. Likiishia kwa "-azole", hiyo ni dawa ya fangasi. Likiishia kwa "-mycin" au "-micin", hiyo ni antibayotiki, yaani ya kuua bakteria. Sasa wako watengenezaji wanaotia zote tatu katika tyubu moja, na watu huipenda kwa kudhani kuwa itaupata ugonjwa wowote. Kumbe mara nyingi steroidi iliyomo ni kali, nayo yaweza kuiharibu kazi ya hizo mbili nyingine. Ukiona majina matatu, usinunue kwa kubahatisha. Mwulize tabibu.

Wala steroidi zote si sawa kwa nguvu. Haidrokotisoni ya asilimia moja ni dhaifu. Betamethasoni ni kali. Klobetasoli huizidi haidrokotisoni kwa mamia ya mara, hata ikiwa kipimo kilichoandikwa juu yake ni kidogo zaidi. Kwa hiyo mtu asiseme, "Hii ni asilimia sifuri nukta sifuri tano tu, haina neno."

Aliyeandikiwa dawa hii na tabibu, naye ashike mambo haya:

Kwanza, kipimo. Kamua dawa juu ya ncha ya kidole cha shahada cha mtu mzima, kutoka nchani hata kiungo cha kwanza. Hiyo yatosha kupaka eneo la viganja viwili vya mtu mzima pamoja na vidole vyake. Paka utando mwembamba palipo na ugonjwa tu. Si mafuta ya kujipaka mwili mzima.

Pili, wakati. Mara moja au mbili kwa siku yatosha. Sisi twaona nyakati njema ni baada ya sala ya Alfajiri na baada ya sala ya Isha, ili maji ya udhu yasiioshe dawa kabla haijaingia. Tena marhamu nzito ikibaki juu ya kiungo cha udhu ikazuia maji, yapasa iondolewe kwanza. Mwenye saumu na asiogope, kwani dawa ya kupaka ngozini haifunguzi.

Tatu, muda. Usipite siku ulizoambiwa. Zile kali sana hazitumiwi zaidi ya wiki mbili mfululizo bila tabibu kukutazama.

Nne, mahali. Ngozi ya uso, kwapa na mapajani ni nyembamba na hunywa dawa nyingi, basi dawa kali isipakwe huko ila kwa amri ya tabibu. Isikaribie macho, kwani ikizoeleka huko yaweza kuleta presha ya macho na mtoto wa jicho. Usiifunike kwa plastiki wala bandeji usiyoamriwa. Na mama mwenye mtoto mchanga ajue kuwa nepi iliyobana ni kama kifuniko: huisukuma dawa ndani ya damu.

Tano, dawa ni ya mwenye cheti. Haiazimwi kama chumvi. Sisi tuliiazima, na mmeona.

Anayezidisha hulipa. Ngozi hukonda hata mishipa ikaonekana, michirizi hutokea isiyofutika, chunusi huota, na kidonda kidogo hukawia kupona. Dawa ikiingia damuni kwa wingi na kwa muda mrefu, zile tezi za juu ya figo hulegea kwa kuwa zaona kazi yao yafanywa na mwingine, sukari na presha ya damu huweza kupanda, na mtoto huweza kudumaa.

Antibayotiki za kupaka nazo zina adabu yake. Ni za bakteria tu, kama vile vidonda vya usaha vya juu juu, na muda wake kwa kawaida ni siku saba hata kumi. Ukipaka kwa miezi, bakteria wanaobaki ni wale wasiouawa na dawa ile, nao huzaliana na kuhamia kwa jirani. Siku ya haja dawa haitafaa tena. Jipu kubwa, vidonda vingi, au wekundu unaoenea pamoja na homa, si kazi ya tyubu hata kidogo. Mpelekeni mgonjwa hospitalini siku hiyo hiyo. Vivyo hivyo mapunye ya kichwani: dawa ya kupaka peke yake haiyamalizi, kwa sababu fangasi imo ndani ya nywele, na mtoto huhitaji vidonge kwa wiki kadhaa.

Sasa twarudi kwa yule mama. Siku ile hospitalini alifunua uso wake mbele ya tabibu, naye akaungama kuwa alikuwa akijipaka tyubu ile ile. Wiki za kwanza uso uling'aa na shoga zake wakamsifu. Alipoacha, uso uliwaka moto ukawa mwekundu, akarudia, akawa mtumwa wake. Akauliza kwa sauti ndogo, "Maalim, mbona mwanzo ilinipendeza?" Hatukuwa na jibu. Tabibu akampunguzia dawa kidogo kidogo kwa utaratibu, kwani aliyeizoea haachi ghafla.

Dada zetu na binti zetu, huu ndio mlango wa mkorogo. Steroidi katika vipodozi imekatazwa Tanzania, pamoja na zebaki na haidrokwinoni. Tangu mwaka 2019 dawa zasimamiwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, na vipodozi na Shirika la Viwango. Lakini mkaguzi hakai juu ya kila meza ya gulio. Mkaguzi wa kwanza ni wewe mwenye uso. Na vijana wa kiume wanaowasifu wasichana kwa weupe wa dukani wajue kuwa nao wana sehemu yao katika madhara hayo.

Msiogope kwenda kwa wanaojua. Mwaka 1992 kilifunguliwa Moshi, katika hospitali ya KCMC, kituo cha kufundisha maradhi ya ngozi, nacho kimewafundisha matabibu wa nchi nyingi za Afrika. Hapa kwetu ianzeni zahanati iliyo karibu, kisha Hospitali ya Wilaya, na likizidi jambo, Mbeya. Chukueni na tyubu mliyokwisha kuitumia, msiifiche kwa haya. Swali la tabibu wetu, "Mmempaka nini?", halikuwa la kutuaibisha, bali lilikuwa nusu ya dawa.

Yule mtoto alipewa vidonge na dawa halisi ya fangasi, akaambiwa aendelee hata baada ya alama kufutika. Wenzake wanne nao wakatibiwa. Shavu limepona, ingawa kwa muda mrefu lilibaki na kivuli, na kila alipoketi mbele yetu kusoma tulikiona. Ile tyubu yetu tuliyoirudisha hatukuiweka tena dirishani.

Nanyi leo jioni, kabla ya kulala, itazameni ya kwenu. Someni mwisho wa neno. Mwenyezi Mungu atujaalie afya njema na atuepushe na wema usio na elimu. Amin.