Mafua ya Mbwa: Je, Mtoto Wako Yuko Hatarini?

Mama na mlezi, huenda umejiuliza kama mtoto anayecheza na mbwa anaweza kuambukizwa mafua ya mbwa. Mpaka sasa hakuna binadamu aliyeripotiwa kuyapata. Hata hivyo wataalamu wanayafuatilia, na ni vizuri ujue sababu.

Yalitoka wapi?

Virusi vya H3N8 vilikuwa vya farasi. Mwaka 2004 viligunduliwa kwa mbwa wa mashindano ya mbio huko Florida, Marekani. Aina nyingine, H3N2, ilitoka kwa ndege, ikaingia kwa mbwa wa Korea Kusini na China, na mwaka 2015 ikazuka Chicago. Mbwa huambukizana kwa kukohoa, kupiga chafya na kutumia chombo kimoja cha maji.

Kwa nini yanafuatiliwa?

Virusi vya mafua hubadilika. Aina mbili zikikutana ndani ya mnyama mmoja, zinaweza kuchanganyika na kuzaa aina mpya. Mafua yaliyoenea duniani mwaka 2009 yalitokana na virusi vya nguruwe. Ndiyo maana maabara hupima ute wa pua wa mbwa wagonjwa. Lakini maabara haiwezi kumpima mbwa ambaye hakuna aliyetoa taarifa zake. Ufuatiliaji unaanza nyumbani kwako.

Ufanye nini?

- Usimtupie mbwa kuku au bata aliyekufa kwa ugonjwa. Thailand mwaka 2004 na Kanada mwaka 2023, mbwa walikufa kwa mafua ya ndege, mmoja baada ya kula bata mgonjwa, mwingine baada ya kutafuna bata bukini wa porini.
- Kuku wakifa wengi kwa ghafla, au mbwa akikohoa na kutoka kamasi, mwambie daktari wa mifugo. Watoto wasiwaguse.
- Mfundishe mtoto kunawa kwa sabuni kila anapomaliza kucheza na mbwa.
- Mtoto mwenye homa anayepumua haraka au kwa shida, au anayeshindwa kunyonya, mpeleke kituo cha afya mara moja. Mweleze mhudumu kama amekuwa karibu na wanyama wagonjwa.

Na tusisahau: hatari kubwa zaidi kutoka kwa mbwa bado ni kichaa cha mbwa. Mtoto aking'atwa, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo.