Yafaa Kompyuta Ichape Ripoti Zetu?

Natoa maoni yangu juu ya jambo ambalo wengi hulidharau, nalo ni uchapaji wa ripoti za mwisho wa muhula. Naona ya kuwa kazi hii yafaa ifanywe na kompyuta yenyewe, kwa maagizo yaliyoandikwa mapema. Lakini nina sharti.

Tuseme shule ina wanafunzi 400. Karani hufungua ripoti, huamuru printa, huifunga, kisha huanza nyingine. Akitumia dakika 2 kwa kila moja, zitapita dakika 800, yaani zaidi ya saa 13. Kazi hiyo haimfundishi yeye kitu, wala haimnufaishi mwanafunzi.

Dawa ipo, wala si mpya. Programu ya Excel tangu 1993, na ya Word tangu 1997, zina lugha ya kuziamuru iitwayo Visual Basic for Applications. Mtu huandika maagizo machache: chukua jina la kwanza katika orodha, litie katika fomu pamoja na alama zake, chapa nakala moja, kisha nenda kwa jina linalofuata mpaka orodha iishe. Maagizo hayo huitwa makro.

Wako wanaopinga. Husema kwamba karani huwajua watoto. Akiona mwanafunzi hodari amepewa alama 12 za Hesabu atashtuka, lakini mashine haishtuki. Neno hili ni kweli. Mtu akipanga majina upya kwa alfabeti, akaiacha safu ya alama kama ilivyokuwa, mashine itachapa ripoti 400 za uongo kwa upesi ule ule ambao ingechapa za kweli. Na ripoti si karatasi ya kufungia karanga. Mzazi huitazama ndipo aamue kama atauza mbuzi kwa ajili ya karo ya muhula ujao. Mtoto aweza kubaki nyumbani kwa alama za mwenziwe.

Basi sharti langu ni hili: saa tulizookoa katika kuchapa zitumike kusoma. Kwanza, ichapwe ripoti moja tu, na mwalimu ailinganishe na daftari lake la alama. Pili, karatasi zihesabiwe. Programu ikimaliza, maana yake ni kwamba kazi imeingia katika foleni ya printa, si kwamba karatasi zimetoka. Tena makro ikiifunga Word kabla haijamaliza kupeleka kazi, kurasa nyingine zaweza kupotea. Ndiyo sababu amri ya kuchapa ina namna ya kuambiwa ingoje. Tatu, mwalimu wa darasa asome kila ripoti na kutia sahihi kwa mkono wake. Neno "amejitahidi" lisitiwe na mashine, maana mashine haikumwona mtu akijitahidi.

Tena makro hizo tuziandike wenyewe, tusiokote za watu tusiowajua. Mwaka 1999 kirusi kiitwacho Melissa kilienea duniani ndani ya hati za Word kwa njia ya makro, na mwaka 2022 Microsoft ilianza kuzuia makro zilizomo katika mafaili yatokayo kwenye intaneti.

Katika vipindi vya kompyuta twafundishwa kupiga chapa barua na kupamba vichwa vyake. Ni vizuri, lakini kijana wa kidato cha tatu aweza kabisa kuandika maagizo niliyoyataja. Nanyi kaka zetu mliotutangulia, mlio maofisini na mnaoifanya kazi hii kila siku, njooni Jumamosi moja mtufundishe.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi wanafunzi mali yetu ni alama zetu. Mashine na iziandike upesi, lakini mtu azisome polepole.