Ruzuku ya mbolea iufuate mzizi

Masika yanapokaribia, mjadala wa kilimo katika Kaunti ya Kilifi huwa mjadala wa mifuko: imeletwa mingapi, imefika bohari gani, inauzwa kwa bei gani. Serikali ilishusha bei ya mfuko wa kilo 50 hadi shilingi 3,500 mwaka 2022, kisha hadi 2,500 mwaka 2023, na nafuu hiyo imewafaa wengi. Hata hivyo, naamini kwamba katika mashamba ya mchanga kama yale ya Magarini, fedha za ruzuku hiyo zingezaa zaidi iwapo sehemu yake ingetumika kuhakikisha kwamba mbolea inaifikia ncha ya mzizi, kwa kiasi kinachofaa, katika wiki za kwanza za mmea.

Mzizi haurefuki kote kote. Hurefuka karibu na ncha, penye fungu dogo la seli changa zinazogawanyika mfululizo. Zile zinazoachwa nyuma hutanuka na kuisukuma ncha mbele. Kabla ya kugawanyika, seli hulazimika kunakili DNA yake yote, na DNA haiundwi bila fosforasi. Protini za seli mpya nazo hazipatikani bila naitrojeni, na nguvu ya kuifanya kazi hiyo hutoka kwenye sukari inayotengenezwa na majani. Lakini mmea haungoji akiba iishe ndipo ubadili mwendo. Katika Arabidopsis, mmea mdogo wa jamii ya kabichi ambao wanasayansi wameuchunguza sana, ncha ya mzizi ikigusa mahali palipopungukiwa na fosforasi, ugawanyikaji wa seli hufifia hata kama mizizi mingine ya mmea huohuo imeshiba. Mahindi tunayolima si Arabidopsis, na mwitiko wake hutofautiana kutoka mbegu moja hadi nyingine. Ushahidi ulio karibu zaidi nayo umo katika majaribio ya shayiri, nafaka ya ukoo mmoja na mahindi, ambayo mtafiti Malcolm Drew aliyachapisha nchini Uingereza mwaka 1975. Aliipa sehemu moja tu ya mzizi virutubisho vingi na kuziacha nyingine na vichache. Mizizi ya pembeni ilichipuka kwa wingi pale penye naitrojeni au fosforasi. Kwingineko ilikuwa haba. Potasiamu haikuleta matokeo hayo. Kwa hiyo mahali mbolea ilipo huamua mzizi utakua wapi, na hilo halionekani kwa kuhesabu mifuko.

Mchanga wa pwani yetu hauna mboji nyingi ya kushika virutubisho. Mvua kubwa ya kwanza huiteremsha naitrojeni chini, ilhali mche wa mahindi bado una mizizi mifupi. Fosforasi, kinyume chake, husogea kidogo sana udongoni, hivyo ikitupwa ovyo juu ya shamba haifikii mizizi, nayo magugu hufaidi kilichobaki juu. Kuongeza mbolea si dawa ya hilo, kwani chumvi yake ikizidi karibu na mbegu huunguza mche. Tena, mbolea ya kupandia ya DAP ikirudiwa miaka mingi huongeza tindikali ya udongo, na tindikali ikizidi huyeyusha alumini, sumu inayoidumaza ncha ileile ya mzizi. Kinachofaa ni kuiweka kidogo mahali pake. Huko Niger, Mali na Burkina Faso, wakulima wa uwele na mtama, wakishirikiana na taasisi ya utafiti wa kilimo ya ICRISAT, walijifunza kutia mbolea kidogo, yapata gramu 6, katika kila shimo, na mavuno yakaongezeka. Nao wanalima mchanga, tena wenye mvua haba kuliko ya Malindi.

Wapo watakaosema kwamba tatizo la Kilifi ni mvua. Ukame ulioanza mwishoni mwa 2020 ulikausha misimu mfululizo, na hakuna mzizi unaonyonya maji yasiyokuwepo. Lakini si kila msimu mbaya ni msimu mkavu kabisa. Mara nyingi mvua hunyesha, ikakatika wiki mbili au tatu mahindi yakiwa machanga, na hapo mzizi ulioshuka mapema hufikia unyevu ambao mfupi haufikii. Wengine watauliza: si mmea wenye njaa ndio unaorefusha mizizi? Kweli, naitrojeni ikipungua kidogo mmea huelekeza sehemu kubwa zaidi ya ukuaji wake mizizini. Lakini sehemu kubwa ya kidogo ni kidogo vilevile, na majani yakiwa ya manjano sukari ya kuilisha ncha hukosekana.

Pingamizi lenye uzito ni gharama. Mwenye ekari mbili Ganze hawezi kulipia upimaji wa udongo, na ndiyo maana mzigo huo unapaswa kubebwa na ruzuku. Si lazima kila shamba lipimwe. Inatosha kupima kila aina ya udongo katika kila wadi. Kituo cha utafiti wa kilimo cha KALRO Mtwapa, kilikozalishwa mbegu za mahindi za Pwani Hybrid, kipo hapa hapa, na Chuo Kikuu cha Pwani kipo mjini Kilifi. Kaunti ikizipa taasisi hizo kazi hiyo, mkulima anayechukua mfuko wake atapewa pia karatasi ya Kiswahili inayoeleza udongo wa wadi yake unapungukiwa na nini, atie kiasi gani kwa kila shimo, afukie vipi ili mbegu isiungue, na lini arudie mbolea ya kukuzia. Samadi ya mbuzi na ng'ombe wa Bamba nayo iingizwe katika mpango huo, kwa sababu bila kitu cha kuvishika virutubisho mchangani, shilingi 2,500 za mkulima huzama pamoja na maji ya mvua.