Mstaafu Hadai Hisani, Anadai Haki

Katika parokia nyingi za mashambani, Dumila ikiwemo, mwalimu, muuguzi na ofisa ugani ni watu wa kutegemewa. Ndio wanaochaguliwa kuwa wenyeviti wa jumuiya ndogo ndogo, ndio wanaotunza daftari la zaka, na wakistaafu ndio wenye nafasi ya kufundisha watoto katekisimu. Kwa hiyo neno kikokotoo linapotajwa bungeni, tusidhani ni habari ya Dodoma peke yake. Linagusa nyumba ambayo haijaezekwa na ada ya mtoto wa mwisho katika familia tunazosali nazo.

Tuanze na historia. Mwaka 2018 Serikali iliunganisha mifuko ya PSPF, LAPF, PPF na GEPF kuwa mfuko mmoja wa watumishi wa umma, PSSSF. Mwaka huo huo zilitoka kanuni zilizoshusha malipo ya mkupuo kutoka asilimia 50 hadi 25 kwa waliokuwa PSPF na LAPF. Watumishi walilalamika sana, na tarehe 28 Desemba 2018 Rais Magufuli alisitisha kanuni hizo, wastaafu wakaendelea kulipwa kwa utaratibu wa zamani. Baada ya mazungumzo kati ya Serikali, waajiri na shirikisho la vyama vya wafanyakazi, TUCTA, kikokotoo kipya cha asilimia 33 kilianza Julai 2022. Malalamiko yakarudi. Katika hotuba ya bajeti ya Juni 2024, Waziri wa Fedha wa wakati huo, Dkt. Mwigulu Nchemba, alitangaza asilimia 40 kwa waliokuwa wakipata 50 zamani, na asilimia 35 kwa waliokuwa wakipata 25.

Wengi wetu husikia asilimia hizo bila kujua zina maana gani mfukoni. Tumchukue mtumishi aliyefanya kazi miezi 360, yaani miaka 30, na mshahara wake wa kukokotolea uwe shilingi milioni moja kwa mwezi. Kwa kanuni ya zamani ya PSPF (kigawanyo 540, kizidisho 15.5 na mkupuo wa asilimia 50) angepata mkupuo wa shilingi milioni 62 na pensheni ya takriban shilingi 333,000 kila mwezi. Kwa kanuni ya sasa (kigawanyo 580, kizidisho 12.5 na mkupuo wa asilimia 40) anapata mkupuo wa takriban milioni 37.2 na pensheni ya takriban 372,000 kila mwezi. Mkupuo umepungua kwa karibu milioni 25, na pensheni ya mwezi imeongezeka kwa takriban shilingi 39,000. Ili nyongeza hiyo ya kila mwezi ifidie kilichopungua, mstaafu wa miaka 60 angepaswa kuishi zaidi ya miaka 50 mingine. Hesabu hii haihitaji shahada. Mwalimu wa darasa la saba anaiweza, na ndiyo maana amekasirika.

Haki inatudai tusikilize upande wa pili pia. Mfuko wa pensheni si kisima kisichokauka. Kabla ya mwaka 1999 watumishi wa Serikali Kuu hawakuwa wakichangia, na deni la miaka yao liliilemea PSPF kwa muda mrefu, hadi Serikali ilipotoa hatifungani maalumu ya shilingi trilioni 2.17 mwishoni mwa mwaka 2021 kupunguza mzigo huo. Mfuko ukifilisika, atakayeumia wa kwanza ni mstaafu mwenyewe. Tena tunawafahamu wazee waliopokea fedha nyingi kwa mara moja, wakazungukwa na matapeli na ndugu wasiokuwa wakionekana zamani, na baada ya miaka miwili wakabaki hawana kitu. Pensheni nzuri ya kila mwezi ni ulinzi wa kweli kwa mzee. Hoja hizi ni nzito na hazipaswi kubezwa.

Lakini zote zinamhusu mtu ambaye fedha ni zake. Hapa ndipo falsafa tunayosoma darasani inapotusaidia. Mtakatifu Thoma wa Akwino, akimfuata Aristotle, anatofautisha haki ya kugawa mali ya wote na haki ya kubadilishana, ile ya mnunuzi na muuzaji, mkopaji na mkopeshaji. Wakubwa wakizungumzia kikokotoo kana kwamba ni suala la kugawa tu, mstaafu anaonekana kama mtu anayesubiri fungu lake katika keki ya taifa, na nyongeza yoyote inakuwa zawadi ya kushukuriwa kwa vigelegele. Ukweli ni kwamba kila mwezi kwa miaka 30 amekatwa asilimia 5 ya mshahara, na mwajiri ameongeza asilimia 15 kwa sababu ya kazi ile ile. Pensheni ni ujira uliowekwa akiba. Ni deni, na anayedaiwa hawezi kubadili masharti ya deni peke yake wakati mwenzake amekwisha kutimiza sehemu yake.

Mafundisho ya Kanisa yanasimama hapo. Papa Leo XIII, katika waraka Rerum Novarum wa mwaka 1891, alifundisha kwamba makubaliano ya mshahara yana haki ya asili juu yake, na kwamba kukubali kwa sababu ya shida si uhuru. Papa Yohane Paulo II, katika Laborem Exercens wa mwaka 1981, aliihesabu pensheni ya uzeeni kati ya haki za mfanyakazi. Na Waraka wa Yakobo, sura ya 5, unatuonya kwamba kilio cha mfanyakazi aliyezuiliwa ujira kinamfikia Mungu.

Kwa hiyo swali letu kubwa si asilimia 33 au 40. Ni nani aliulizwa. Tangu mwaka 2003 tunayo sheria ya majadiliano katika utumishi wa umma, yenye mabaraza ambamo Serikali na wafanyakazi hukaa meza moja. Mei Mosi ya kitaifa ya mwaka 2023 ilifanyika hapa kwetu Morogoro, na Rais Samia alitangaza kurejea kwa nyongeza za mwaka. Mei Mosi ya mwaka 2025, Singida, alitangaza kima cha chini kupanda kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000. Tunafurahi pamoja na wote waliopata. Lakini haki inayosubiri sherehe ili itangazwe ni haki dhaifu. Kikokotoo cha 2022 kilikubaliwa na viongozi mezani, na miaka miwili baadaye kikabidi kibadilishwe. Kama mwalimu wa Dumila angeonyeshwa hesabu ile kabla ya kutiwa saini, pengine tusingehitaji kurudi nyuma.

Mkulima wa nyanya pale sokoni anaweza kutuuliza, na ana haki ya kuuliza: mbona mimi sina hata hicho cha kukokotolewa? Tusimjibu kwa kumnyang'anya mwalimu. Zanzibar ilianza mwaka 2016 kuwalipa pensheni wazee wote waliofikisha miaka 70, awe mvuvi au karani, kwa kuanzia shilingi 20,000 kwa mwezi. Kiasi ni kidogo, ila kinakiri kwamba uzee wa kila mtu una thamani. Vyama vya wafanyakazi vikidai hilo pia kwa Tanzania Bara, mkulima hatawaona tena kama watu wanaojipigania wenyewe.

Mwisho, tuangalie nyumbani. Baadhi yetu, Mungu akipenda, tutakuwa maparoko, na paroko ni mwajiri. Mpishi, mlinzi, dereva na mwalimu wa shule ya parokia wanaweza kuandikishwa NSSF. Tukiwalipa kwa bahasha tu, na wakizeeka tukawaaga kwa misa ya shukrani na kitenge, tutakuwa tumewafanyia kile tunachokikemea serikalini.

Tunapendekeza mambo mawili. Vyama vya wafanyakazi vipeleke hesabu ya kila pendekezo matawini, kwa mfano wa shilingi kamili, kabla kiongozi hajatia saini. Na halmashauri za walei katika parokia zetu ziulize, katika kikao kijacho, ni wafanyakazi wangapi wa parokia wanaowekewa michango, na tangu lini. Jibu liandikwe kwenye muhtasari wa kikao.